Safari ya Portage na Mama Mkwe

Aliyetaka kupanda treni ni mama mkwe wangu. Alikuwa ameishi nasi Crystal, kando ya Minneapolis, kwa zaidi ya mwaka, na katika muda huo wote hakuwa ameomba kitu. Tukimuuliza anataka kula nini, anasema chochote. Tukimuuliza kama chumba chake kina baridi, anasema kiko sawa, huku amejifunga blanketi mbili. Kwa hiyo siku aliposema mezani, mbele ya mume wangu na watoto, kwamba angependa kupanda treni tena kabla hajafa, sote tuliacha kula tukamtazama.

Mume wangu alidhani anazungumzia ile treni ya mjini inayopita mtaa wa Cedar-Riverside kwenda uwanja wa ndege. Akamwambia Jumamosi atampeleka. Mama akatikisa kichwa. Hiyo alikuwa ameshaiona, akasema, ni basi lililowekewa reli. Yeye alitaka treni ya safari, yenye kichwa na mabehewa, na mtu anayepita kukata tiketi.

Haikuwa tamaa ya ajabu kwake. Baba yake alifanya kazi kwenye reli ya Kalemie, ile inayotoka ziwani Tanganyika na kwenda mpaka Kabalo kwenye mto. Alikuwa mtu wa breki, anakaa behewa la mwisho. Watoto wake walikuwa na ruhusa ya kusafiri bure, na mama mkwe wangu, akiwa binti mkubwa, alikuwa akitumwa Kabalo kwa shangazi yake kila likizo. Halafu akaolewa, akazaa, vita vikaja, reli ikafa, naye akavuka ziwa na watoto wake kuingia Tanzania. Nilimkuta kambini Kigoma. Mimi nimekulia pale, na Kiswahili changu ni cha shule za kambini, za walimu waliotaka tuseme sawasawa na Watanzania. Chake ni cha Kalemie, chenye Kifaransa ndani. Hapa nayaandika maneno yake kwa namna yangu, maana nikijaribu kuandika kama alivyosema nitakosea.

Mume wangu alitangulia kuja Marekani pamoja nami na watoto. Mama alibaki kambini miaka mingine kabla ya jina lake kuitwa. Alipofika tulikuwa tumeshapanga nyumba Crystal, mtaa wa kimya wenye miti mikubwa, ambako kila mtu anatoka mlangoni na kuingia garini. Mume wangu alikuwa akifanya kazi ghalani, mimi nikihudumu kwenye nyumba ya wazee. Watoto walikuwa shule. Mama alishinda dirishani. Watoto wakirudi aliwauliza habari za shule kwa Kiswahili nao wakamjibu kwa Kiingereza, kisha wakapanda juu.

Mimi ndiye niliyetafuta treni. Kwa Minneapolis na Saint Paul treni ya safari ni moja tu. Asubuhi inaondoka Saint Paul kuelekea Chicago, na nyingine inatoka huko mchana na kufika kwetu usiku. Nikatazama miji ambayo mtu anaweza kushuka, akazungukazunguka, halafu akarudi siku hiyohiyo. Jioni moja nilikaa kitandani kwake nikamsomea majina: Red Wing, Winona, La Crosse. Alisikiliza tu. Nilipofika Portage akainua kichwa.

Akaniambia hilo ni neno la Kifaransa, nilisome tena. Nikasoma. Akaniuliza kuna nini huko. Nikatafuta kwenye simu nikamwambia ni mji wa zamani wenye mfereji uliochimbwa kuunganisha mito miwili, ili mashua ziweze kupita kutoka mmoja kwenda mwingine. Akasema twende huko.

Tulisafiri mwisho wa Septemba, siku ambayo sikuwa na zamu. Mume wangu alitupeleka stesheni ya Saint Paul kabla ya kwenda kazini. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya na koti la kijivu la kanisani, na kichwani amefunga kilemba kama anakwenda harusini. Stesheni ile ni kubwa, ina dari ya juu sana na sakafu inayong'aa, na asubuhi ile watu walikuwa wachache. Mama alitembea katikati yake polepole akitazama juu. Nilijua anailinganisha na kitu.

Treni ilikuwa ya ghorofa mbili. Tulipopanda na kukaa juu, alipapasa kiti, akajaribu meza, akauliza kama viti hivi ni vya daraja la kwanza. Nilipomwambia ni vya kawaida, akatikisa kichwa. Kondakta alipokuja, Mama alinyoosha karatasi ya tiketi kwa mikono miwili. Yule bwana akaielekezea kifaa kama simu, kikalia, akamrudishia, kisha akachomeka kikaratasi chenye alama juu ya viti vyetu na kwenda zake. Mama aligeuza ile tiketi huku na huku. Hakuona tundu. Aliiweka kwenye mkoba akiwa na uso wa mtu aliyepunjwa.

Kutoka Saint Paul reli inafuata mto Mississippi. Nimeishi kando ya mto huo miaka mingi, nikiuvuka kwa gari bila kuutazama. Siku ile niliuona kwa mara ya kwanza, maana hakukuwa na kingine cha kufanya. Tulihamia kwenye behewa lenye madirisha makubwa mpaka darini. Mto ulipanuka ukawa kama ziwa, vilima vyenye miamba ng'ambo ya pili, majani yameanza kuwa mekundu. Mama alikaa mbele ukingoni mwa kiti, mikono magotini. Nilifungua chapati na mayai ya kuchemsha, akala bila kuondoa macho dirishani.

Mahali fulani tukaona matishari yaliyofungwa pamoja, marefu sana, yakisubiri mbele ya ukuta wa zege. Nikamweleza kwamba mto umejengewa malango, chombo kinaingia, lango linafungwa nyuma yake, maji yanashushwa au kupandishwa, kisha linafunguliwa la mbele. Nilijua hayo kwa sababu darasa la mtoto wangu lilipelekwa kuyaona. Mama alisema kumbe mto wa hapa una milango kama nyumba. Kisha akaanza kunieleza habari za Kabalo: jinsi mizigo ilivyoshushwa kwenye meli pale ziwani, ikapakiwa kwenye treni, na mwisho wa reli ikashushwa tena na kupakiwa kwenye meli za mtoni. Baba yake alikuwa akisema kwamba reli ile si reli, ni daraja la kuunganisha maji na maji. Nilikuwa nimeishi na mama huyu miaka kadhaa kambini na mwaka mzima Crystal, na sikuwahi kumsikia akizungumza mfululizo namna ile.

Baada ya La Crosse tukauacha mto tukaingia ndani ya Wisconsin. Mashamba ya mahindi yaliyokauka, ng'ombe, maghala marefu ya nafaka. Mahali pamoja reli inapita chini ya kilima, na behewa lote likawa giza. Mama akanishika mkono. Mwanga uliporudi akauachia, akarekebisha kilemba chake.

Portage tulishuka watu wachache. Stesheni ni kibanda tu, hakuna hata mtu wa kuuza tiketi. Treni ikaondoka, tukabaki sisi, upepo na harufu ya nyasi zilizokatwa. Tulitembea kuelekea katikati ya mji. Nyumba za mbao zenye vibaraza, kanisa la mawe, maduka ya matofali mekundu, mengine yamefungwa. Watu waliopita kwa gari walituangalia, wengine wakapunga mkono, na Mama akawapungia wote.

Nilikuwa nimemtengenezea mfereji mkubwa akilini mwangu, wenye kuta za mawe na mashua. Tulichokikuta ni mtaro mpana wenye maji yaliyotulia tuli, yamefunikwa na magugu madogo ya kijani, na bata wawili wanaopasua njia katikati. Mwishoni, karibu na mto Wisconsin, kulikuwa na malango ya zamani yasiyofunguka tena. Mashua haijapita pale tangu siku nyingi. Niliona haya kidogo, kama mtu aliyemwalika mgeni na chakula kikawa kimeungua. Lakini Mama alisimama kwenye ukingo akitazama kwa makini sana, akaniuliza mto wa pili uko wapi. Nikamwonyesha upande mfereji unakoelekea. Akauliza ni mbali kiasi gani. Nikasema si mbali, ila hauonekani kutoka hapa.

Palikuwa na kibao cha maelezo. Akaniomba nisome. Nikasoma kwa Kiingereza kimyakimya na kumfasiria: kabla ya mfereji, wasafiri walifika hapa na mitumbwi, wakaitoa majini, wakaibeba pamoja na mizigo yao kupita nchi kavu mpaka mto wa pili, wakaendelea. Wafaransa ndio waliopaita jina hilo, maana yake kubeba. Wenyeji wa nchi hii waliijua njia hiyo kabla ya Wafaransa kuja.

"Nani alibeba?" Mama akauliza.

Nikamwambia nadhani walibeba wenyewe. Akanitazama. Nikarudi kwenye kibao nikatafuta. Hakikusema vizuri. Nikakumbuka nilichosoma kwenye simu, kwamba baadaye kulikuwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe, na watu waliolipwa kuvusha mizigo. Akasema sawa.

Tulikaa kwenye benchi chini ya mti, akaniambia alikolisikia neno lile. Babu yake mzaa baba alikuwa na kovu gumu begani, kama kisigino. Watoto walipomuuliza alisema ni portage. Wao walidhani ni jina la ugonjwa. Baadaye ndipo walipoelewa kwamba alipokuwa kijana Wabelgiji walimchukua pamoja na vijana wengine kubeba mizigo ya vita kwenda mashariki, na kwamba wengi wa aliokwenda nao hawakurudi. Alisimulia hayo kwa sauti ileile aliyotumia kueleza habari za Kabalo. Alisema aliposikia jina la mji huu alitaka kuona ni watu gani wanaoweza kulichukua neno kama hilo na kuupa mji wao wala wasione kitu.

Nilimuuliza ameonaje sasa.

Akasema ni mji mzuri, una miti.

Ulikuwa wakati wa dawa yake ya presha, na dawa ile haimezwi bila kula. Chapati zilikuwa zimekwisha. Nikamwambia akae palepale nikamtafutie supu au mkate, nisingechelewa. Akasema sawa. Nilikwenda mtaa wa maduka, nikakuta mkahawa mmoja wazi, nikangoja watu waliokuwa mbele yangu wamalize kuchagua. Niliporudi na mfuko wa supu mkononi, benchi lilikuwa tupu.

Kwanza sikuogopa. Nilidhani amekwenda nyuma ya mti kujisaidia. Nikaita. Nikaenda kwenye ukingo nikatazama maji, na hapo ndipo hofu iliponiingia, kwa sababu yale magugu yalikuwa yamefunika kila kitu na bata hawakuonekana tena. Nikaita kwa sauti kubwa. Nikakimbia mpaka kwenye malango, nikarudi. Simu yake ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ndani ya treni alinipa nimtunzie. Hakujua Kiingereza zaidi ya asante na habari ya asubuhi. Nilifikiria namna nitakavyomwambia mume wangu kwamba nimempoteza mama yake, aliyevuka ziwa na watoto wanne, kwenye mji ambao hata majirani zetu hawajawahi kuusikia.

Nilishika simu nikitaka kuita polisi, nikasita. Sikujua wangekuja wangapi, wala Mama angefanya nini akiwaona wanaume wenye sare wanamkimbilia. Nikamwona mama mmoja wa kizungu anatembeza mbwa. Nikamuuliza. Hakumwona, lakini aliacha matembezi yake akaanza kutafuta nami, akimwita Mama kwa kusema hodi hodi za Kiingereza kwenye vichaka. Kisha akapita mtu wa posta na mfuko wake. Yule ndiye aliyemwona. Alisema ameona bibi mwenye kitambaa kizuri kichwani akifuata kijia cha kando ya mfereji, anatembea haraka, kama mtu anayekwenda kazini.

Nikakimbia kwenye kijia kile. Kinapita nyuma ya nyumba za watu, kisha nyumba zinaisha, unabaki mfereji upande mmoja na miti upande wa pili. Nilikuwa nimevaa viatu vya visigino virefu, kwa sababu nilitaka kupendeza, nikavivua nikavibeba. Sikukutana na mtu. Nilipokwisha kuchoka kabisa, nikaanza kutembea nikihema, ndipo nikamwona anakuja upande wangu. Alikuwa amevua koti amelitundika mkononi. Hakushtuka kuniona. Alitazama miguu yangu iliyojaa matope, akaniuliza viatu vimefanya nini.

Nikakaa chini kwenye nyasi nikalia. Naye akakaa, kwa shida, akinyoosha mguu mmoja kwanza, na akangoja mpaka nimalize.

"Nilitaka kuona kama bado naweza kwenda mahali na kurudi," alisema.

"Ungeniambia, Mama."

"Ningekuambia, ungekuja nami."

Hakuwa amefika kwenye mto wa pili. Alitembea mpaka akaona mguu unaanza kuuma, akahesabu kwamba nguvu zilizobaki ni za kurudia, akageuka. Alikuwa amemwona ndege mrefu wa kijivu amesimama majini kwa mguu mmoja, na mzee mmoja wa kiume anayekata nyasi, aliyemvulia kofia. Aliyasema hayo kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

Nikampa supu, ilikuwa imepoa. Akanywa, akameza dawa. Halafu akaniambia jambo ambalo naamini alikuwa amelibeba kwa muda mrefu akitafuta mahali pa kulitua. Alianza kwa kusema hana lawama nami. Nampikia, nampeleka hospitali, nampeleka kanisani, namfulia, na hata binti yake wa kuzaa asingefanya zaidi. Lakini tangu afike Marekani hajawahi kwenda mahali ambapo hakupelekwa. Akitaka chumvi, inabidi amngoje mtu mwenye gari. Akitaka kusalimia watu, anangoja Jumapili. Kambini kulikuwa na njaa na vumbi, akasema, lakini asubuhi alitoka mlangoni kwa miguu yake na hakuna aliyejua amekwenda wapi mpaka arudi.

Kisha akanieleza mpango wake. Kulikuwa na mama mmoja wa Mombasa mwenye duka la viungo na vitambaa pale Cedar-Riverside, ambaye tulipitia dukani kwake kila baada ya kliniki. Wakati mimi nikichagua bamia, wao walikuwa wakizungumza. Yule mama alimwambia kwamba kwenye yale maghorofa marefu kuna vyumba vya wazee, na treni inapita chini, na duka liko hatua chache, na akihamia pale hatakosa pa kukaa wakati wa mchana.

"Nataka chumba kule," akasema. "Mwambie mume wako."

"Mwambie wewe, Mama. Ni mtoto wako."

"Mimi nikimwambia atalia. Wewe ukimwambia atakasirika. Heri akasirike kwanza."

Nilicheka wakati machozi hayajakauka. Tulirudi mjini taratibu, mimi peku, yeye ameshikilia bega langu. Yule mama mwenye mbwa alikuwa bado anatusubiri karibu na benchi. Alipomwona Mama akamkumbatia kana kwamba ni dada yake aliyepotea. Mama akamwambia asante, na kwa sababu hakuwa na neno lingine, akamwambia pia habari ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa limekwisha kugeuka.

Treni ya kurudi ilichelewa. Tulikaa kwenye kile kibanda mpaka giza likaanza kuingia, tukizungumza habari za watoto wangu, yupi anafanana na nani. Alisema mkubwa ana masikio ya baba yake yeye, yule wa reli. Ndani ya treni alilala kabla hatujafika La Crosse, kichwa kikigonga kioo, nikaweka koti lake katikati.

Nilimweleza mume wangu Jumapili baada ya kanisa. Alikasirika kama ilivyotabiriwa. Alisema mama yake hawezi kukaa peke yake ghorofani kama mtu asiye na mtoto. Alisema watu wa kanisani watasema nimemfukuza, na kwamba mimi nimeshinda na wazee wa Kizungu kazini mpaka nimeanza kufikiri kama watoto wao, wale wanaokuja kuwaona mara moja kwa mwezi na maua. Hilo liliniuma, na nilimwambia limeniuma. Kwa majuma kadhaa tuliongea habari za bili na chakula tu. Mama hakurudi dirishani. Alimwomba mjukuu mkubwa amfundishe namba ya basi, na akaanza kutoka.

Mwanzoni alifika kituoni na kurudi. Kisha akapanda. Mtoto alikuwa amemchorea njia nzima: basi kutoka Crystal mpaka katikati ya Minneapolis, halafu ile treni aliyoiita basi la reli. Siku moja ya Desemba mume wangu alikuwa akitoka kazini akamwona amesimama kituoni kwenye theluji, kajifunga shali. Akasimamisha gari, akafungua mlango, akamwambia apande, atampeleka anakotaka. Mama akamwambia basi lake linakuja. Akamwambia kuna baridi. Mama akamwambia anaiona. Basi likaja, akapanda, akamwacha na mlango wa gari wazi.

Mume wangu alilifuata lile basi kwa gari njia yote. Aliniambia jioni ile, jikoni, hajavua hata koti. Lilikuwa linasimama kila kona, naye anasimama nyuma yake, madereva wengine wanampigia honi. Alimwona mama yake akishuka mjini, akivuka barabara pamoja na watu, akingoja treni, akipanda. Hapo hakuweza kufuata tena, maana reli haina njia ya gari. Alikuwa akisimulia huku anacheka, kisha akaacha kucheka akakaa kwenye kiti.

"Hakuangalia nyuma hata mara moja," akasema.

Nikamwekea chai. Hakuzungumza tena juu ya watu wa kanisani.

Chumba hakikupatikana upesi. Tulingoja zaidi ya mwaka, na Mama aliendelea kwenda na kurudi kwa basi, akituletea dengu, iliki na habari za watu tusiowajua. Kilipopatikana kilikuwa juu sana, kina dirisha moja kubwa, na jiko dogo lenye vichomeo viwili. Mume wangu alibeba kitanda yeye na jamaa mmoja wa kanisani. Alifunga rafu, akajaribu kufuli, akalijaribu tena, akaangalia kama dirisha linafunguka kiasi cha mtu kupita. Mama alimwacha afanye yote hayo. Jioni tulipoondoka alitusindikiza mpaka kwenye lifti, na katika lifti mume wangu alitazama namba zikishuka mpaka chini.

Nilizoea kazini kuwaona wazee wanaokaa peke yao, na nilikuwa na hofu yangu niliyoificha. Nilimpigia simu kila asubuhi. Kwa mwezi wa kwanza alipokea. Baadaye mara nyingi hakupokea, na jioni akinipigia anasema alikuwa nje. Wasomali wa ghorofa yake walimfundisha maneno yao ya salamu, naye akawafundisha yake. Yule mama wa Mombasa alimpa kiti nyuma ya kaunta, na nilisikia kwa watu kwamba mtu akiomba kupunguziwa bei, ni Mama aliyekuwa mkali kuliko mwenye duka.

Jumapili ya kwanza alipotualika kula kwake, tulifika tukiwa tumevaa kama wageni, watoto wamebeba soda. Tulibisha, akatuambia tungoje. Tulisimama koridoni wote wanne tukisikia sufuria. Alipofungua alikuwa na jasho usoni na aproni juu ya kitenge. Akatuambia karibuni, akatuonyesha pa kukaa, akamnawisha mikono mtoto wake kwanza, kisha mimi, kisha watoto. Kulikuwa na ugali, samaki wa kukaanga na sombe ya majani ya muhogo aliyoitwanga mwenyewe, na ilikuwa tamu kuliko yangu. Mume wangu alikula mara mbili. Alipotaka kuinuka kuosha vyombo, Mama akamzuia akasema nyumba hii ina mwenyewe.

Tulikuwa bado tumekaa, watoto wamejilaza kitandani kwake, alipotazama saa ya ukutani na kutuambia kwa upole kwamba jioni hiyo anatembelewa na watu.